Mwanazuoni: Mwana wa Vyuo, si Mwenye Vyeti

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa watahini watatu wa tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mwanafunzi huyo alikuwa amekaa miezi mingi katika kisiwa kimoja cha pwani ya kaskazini, akisomeshwa miswada ya tenzi na mzee ambaye kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee alimfundisha kuzisoma herufi za Kiarabu zilizoandikiwa Kiswahili, akamfasiria maneno yasiyo katika kamusi yo yote, na mara mbili akamwonyesha mahali ambapo kitabu kilichopigwa chapa kimekosea. Katika tasnifu yake mwanafunzi alimwita mzee huyo mwanazuoni. Sisi watahini tukamwagiza alifute neno hilo kila lilipotokea, na mahali pake aandike "mtoa taarifa".

Tulitoa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba mzee hakupata kusoma chuo kikuu, na kwa hiyo hakustahili jina la uanazuoni. Ya pili ilikuwa kwamba neno lenyewe ni la msikitini, halifai katika maandishi ya kitaaluma. Mwanafunzi alitii, kwa kuwa mwenye kutafuta shahada hana la kufanya ila kutii. Nami nilitia sahihi yangu pamoja na wenzangu. Sikupata amani tangu siku ile, na kadiri nilivyozidi kulichungua neno ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tuliofaa kusahihishwa ni sisi watatu. Naandika makala haya niseme kosa letu lilikuwa nini, maana nakhofu kwamba si letu peke yetu.

Tuanze na asili ya neno, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza neno mwanazuoni limetoka wapi. Wengi hunyamaza. Wenye ujasiri hujibu kwamba limetokana na kuzua, yaani kubuni jambo jipya, na kwamba mwanazuoni ni mtu azuaye fikira ambazo hazijapata kuwako. Jibu hili lina ladha nzuri masikioni, na wapo hata walimu wanaolikariri. Walakini ni jibu la kubahatisha. Katika Kiswahili mwenye kuzua huitwa mzushi, na kazi yake huitwa uzushi. Na kama kuna watu wawili ambao wazee wetu wasingekubali kuwaketisha katika mkeka mmoja, ni mzushi na mwanazuoni. Itakuwaje basi shina moja lizae sifa na tusi kwa pamoja?

Ukweli uko karibu zaidi. Zuo ni wingi wa chuo katika Kiswahili cha Lamu na visiwa jirani. Mahali ambapo Kiswahili cha Unguja husema vitu, Kiamu husema zitu. Vyombo ni zombo, vyuma ni zuma, vyakula ni zakula. Na vyuo ni zuo. Mwanazuoni, kwa hiyo, si neno jingine ila ni mwanavyuoni lililovaa nguo za kaskazini. Atakaye ushahidi asiende mbali. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alipotoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya maulamaa wa madhehebu ya Kishafi katika Afrika Mashariki, alikiita "Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika". Hapo neno lilisemwa kwa lafudhi ya kusini, wala hapana sauti ya kuzua ndani yake.

Na chuo ni nini? Msomaji wa leo atajibu bila ya kusita kwamba chuo ni jengo: ni mahali penye lango, mlinzi, madarasa na ofisi ya mapokezi ya karo. Lakini jibu hilo ni la juzi. Askofu Edward Steere alipokusanya maneno ya Kiswahili cha Unguja katika kitabu kilichotoka mwaka 1870, alieleza chuo kwa maana ya kitabu, na chuoni kwa maana ya shule. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha habari za Herekali, mfalme wa Warumi. Hapana jengo hapo. Ni karatasi, wino na maneno.

Umbo la neno nalo lastahili kutazamwa. Chuo lina kiambishi cha ngeli ya ki-vi mbele ya irabu, sawasawa na chombo, chumba na chungu. Wala Kiarabu hakina neno ambalo twaweza kusema kwamba ndilo mama yake. Mimi naliona karibu na neno uo, ambalo maana yake ni ala, yaani kifuko cha kutilia kisu au upanga. Kwa hiyo chuo ni kiala, kitu kidogo cha kuhifadhia kitu kikali. Basi wale wasemao kwamba Kiswahili hakikuwa na neno lake chenyewe la kitabu wala la elimu ya vitabu, na kwamba kila neno la maarifa tuliazima, wangefaa kulitazama neno hili mara ya pili. Ni kweli kwamba elimu, kitabu, darasa na mwalimu yametoka katika Kiarabu, na shule katika Kijerumani. Hatuoni haya kwa hayo, maana lugha isiyoazima ni lugha isiyotembea. Lakini kabla hajaja mgeni mwenyeji alikuwako, na jina lake lilikuwa chuo.

Jinsi mwenyeji huyo alivyohama si vigumu kueleza. Kitabu kilikuja kutoka katika Kiarabu, nasi tukakipokea kama mtoto wetu wa kuzaa. Tukakikata ki-tabu, tukakipa wingi wa vitabu. Kikakaa katika rafu mahali pa chuo. Chuo kikabaki na maana yake ya pili, ile ya mahali ambapo watoto hukusanyika mbele ya mwalimu wakafundishwa Kurani. Baadaye, shule za serikali na za misheni zilipoenea, mahali pale nako kukaitwa kwa majina mengine, na chuo kikapandishwa cheo kikawa jina la shule za juu. Chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, na mwisho chuo kikuu, ambacho mlango wake ulifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka 1961. Kama ungemwambia mtu wa Pate wa zama za Bwana Mwengo kwamba wewe umetoka chuo kikuu, pengine angekuuliza ni kitabu gani hicho kikubwa, na kimeandikwa na nani.

Sitaki nieleweke vibaya. Silaumu neno kwa kuhama. Maneno yana miguu, na asiyetaka yatembee na aoe lugha iliyokufa. Ninalolaumu ni kwamba neno lilipohama kutoka katika kitabu kuingia katika jengo, sisi tulihama nalo pamoja na heshima yetu. Zamani heshima ilikuwa katika kilichosomwa. Leo iko katika lango lililopitwa. Watu wa zamani waliuliza, "Umesoma chuo gani?" na jibu lilikuwa jina la kitabu, na baada ya jibu ungeweza kutahiniwa papo hapo. Leo twauliza swali lile lile kwa maneno yale yale, na jibu ni jina la mji.

Natufikie sasa kwenye sehemu ya kwanza ya neno, ambayo ndiyo roho ya hoja yangu. Neno letu halisemi mwenye zuo. Lasema mwana. Kiswahili kina maneno haya mawili, nacho hakiyachanganyi. Mwenye chombo ni tajiri aliyekinunua. Huenda akawa amekaa barazani mjini akinywa kahawa, asijue pepo za Kusi wala za Kaskazi. Mwanamaji ni yule aliye ndani ya chombo, ambaye bahari imemlea, na ambaye bahari ikitaka itamchukua. Mwenye nchi ni mtawala. Mwananchi ni mtoto wa nchi. Mwenye humiliki kitu, na mwana humilikiwa nacho. Basi mwanazuoni, kwa hukumu ya lugha yenyewe, si mtu anayemiliki elimu kama amilikivyo shamba lenye hati. Ni mtu aliyelelewa na vitabu, anayekaa ndani yake, na ambaye hajawa mkubwa kuliko vyo.

Tena tazameni jinsi lugha ilivyokuwa na adili. Mwanachuo, yule kijana aliyejiandikisha jana, na mwanazuoni, yule bingwa aliyeota mvi, wameundwa kwa vipande vile vile viwili: mwana, na chuo. Tofauti yao ni umoja na wingi: mmoja ni mwana wa chuo kimoja, na mwingine ni mwana wa vyuo vingi. Lakini wote wawili ni wana. Hapana daraja ambayo mtu akiifikia huacha kuwa mtoto wa kitabu akawa baba yake.

Huenda mtu akasema kwamba hii ni michezo ya maneno, na kwamba mimi nimepata katika neno moja nilichotaka kupata. Basi tuyaulize maneno mengine. Siku hizi tunapendelea sana taaluma na mtaalamu. Kiasili maneno hayo yametoka katika Kiarabu, katika shina lile lile la elimu. Lakini hayakutoka katika neno la kujua, wala la kufundisha. Yametoka katika neno la kujifunza: taallum ni kule kujifunza, na mutaallim ni mtu aliye katika kujifunza. Mtaalamu, ambaye leo tunamkaribisha kwenye kiti cha mbele na kumnyamazia anaposema, kwa asili ya jina lake ni mwanafunzi. Neno la Kibantu na neno la Kiarabu, bila ya kushauriana, yametoa ushahidi mmoja. Hakimu gani atautupa?

Ama msomi, neno ambalo ndilo limetawala vinywani, kwa umbo lake ni mtu asomaye, tena asomaye kwa desturi. Lakini tazama tulivyolifanya. Msomi leo ni mtu aliyepata kusoma, yaani aliyemaliza. Twamwita msomi mtu ambaye hajafungua kitabu tangu siku aliyovaa joho, na twamnyima jina hilo mtu ambaye hakulala usiku wa jana kwa kusoma. Kitenzi kilikuwa cha siku zote, nasi tumekifanya cha wakati uliopita. Huo ndio msiba wenyewe, na tasnifu ya yule mwanafunzi ilikuwa ni mahali mmoja tu ambapo msiba ulionekana.

Nawauliza wenzangu walionisaidia kulifuta neno lile: kipimo chetu tukikiweka juu ya watu waliojenga elimu ya Kiswahili, nani atabaki? Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa khati, mchonga mbao, mshairi na mnakili wa tenzi. Miswada ya mkono wake imehifadhiwa London na Ujerumani. Alice Werner na Ernst Dammann, watu wenye vyeo katika vyuo vikuu vya Ulaya, walijifunza kwake mambo ambayo hawakuweza kuyapata kwingine. Kwa kipimo chetu, wao ni wanazuoni na yeye ni mtoa taarifa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali ambaye hakupata kusoma chuo kikuu cho chote. Leo watu hupata udaktari kwa kuandika juu yake. Je, aandikaye juu ya mti ni mkubwa kuliko mti? Na Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwandikia binti yake utendi mwaka 1858, alisoma katika chuo gani chenye lango? Ikiwa neno mwana halikubagua kati ya kijana na mzee, halikubagua pia kati ya mwanamume na mwanamke. Ubagua tulioutia hapo ni wetu.

Kinyume chake, mtazame Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 akafariki Unguja mwaka 1925. Alikuwa amekwisha kuwa kadhi wa Unguja alipoondoka akasafiri kwenda Istanbul na nchi nyingine kutafuta zaidi ya alichokuwa nacho. Ukadhi ulikuwa cheo ambacho mtu angeweza kukikalia maisha yake yote bila ya kuulizwa swali. Yeye alikiacha, akaenda kuwa mwanafunzi tena. Huyo ndiye mwana wa zuoni: cheo hakikumwondoa katika utoto wa elimu.

Sasa nizijibu hoja ambazo najua zitatolewa. Ya kwanza ni ile ya pili kati ya sababu zetu, kwamba neno hili ni la msikitini. Ni kweli kwamba limetumika zaidi kwa maulamaa wa dini, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na vyuo vingi zaidi. Lakini neno zuo halitaji kilichoandikwa ndani. Kama tutayakataa maneno yote yaliyoanzia katika ibada, itatupasa tukatae elimu, mwalimu na darasa, na hata huko Ulaya itabidi wavue yale majoho ambayo waliyarithi kwa makasisi wao. Joho la kasisi tumelivaa bila ya swali. Neno la shehe ndilo tuliloliona na doa.

Hoja ya pili itasema kwamba utafiti una kanuni zake, na kwamba mtu aliyeulizwa maswali sharti awe na jina moja linalojulikana. Sipingi kanuni. Mvuvi aliyeulizwa bei ya samaki ni mtoa taarifa, wala hakuna dharau katika hilo. Lakini mtu aliyekufundisha kusoma, akakusahihisha, akakuonyesha kosa la kitabu kilichotangulia, huyo hakutoa taarifa. Huyo alitoa darasa. Kumwandika vinginevyo si kutii kanuni, bali ni kusema uongo juu ya chimbuko la maarifa yako, na uongo huo ni kosa kubwa katika kazi yo yote ya elimu.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Watasema kwamba tukiondoa kipimo cha shahada, kila mpayukaji ataitwa mwanazuoni, na elimu itakuwa soko la wapiga porojo. Najibu kwamba sikusema tuondoe kipimo. Nasema turudishe kile kilichokuwako, ambacho kilikuwa kikali kuliko hiki. Mwalimu wa zamani hakumpa mwanafunzi ruhusa ya kufundisha mpaka amesoma kitabu mbele yake, neno kwa neno, akajibu maswali yake. Ruhusa ile iliitwa ijaza, nayo ilitaja kitabu na mwalimu. Shahada zetu zataja jengo na daraja ya ufaulu. Mpayukaji aweza kupita katika jengo. Katika kitabu, mbele ya mtu anayekijua, hapiti.

Wala sisemi kwamba vyuo vikuu havina faida. Mimi ni mtoto wao, na chakula changu chatoka kwao. Ndiyo maana nasema. Vyuo vikuu vyetu vina maktaba, vina maabara, vina vijana wenye akili ambao wazee wa Pate wangewaonea wivu. Kinachokosekana ni kukumbuka kwamba ukuu wa chuo ni ukuu wa kitabu, na kwamba mtu haufikii kwa kukaa karibu nao. Niwapo katika mahafali nikawaona vijana wakipiga picha na vyeti vyao, hufurahi pamoja nao. Lakini husikitika nisikiapo mmoja akisema, "Namshukuru Mungu, nimemaliza kusoma." Amemaliza! Mwanamaji gani husema amemaliza bahari?

Ninayoyataka ni machache. Walimu na wafanye desturi ya kuwaeleza wanafunzi asili ya jina wanaloitwa, ili wasilivae kama vazi la kukodi. Watahini wasifute neno mwanazuoni katika tasnifu kwa sababu tu aliyeitwa hivyo hana shahada. Kwanza waulize amesoma vyuo gani, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Nao wahariri wa kamusi, wanapolieleza neno mwanazuoni, waonyeshe mzazi wake ni nani, ili kuzua kusiendelee kujipachika ubaba.

Ama mimi, nilimwandikia yule mwanafunzi barua. Nilimwambia kwamba atakapotoa tasnifu yake kuwa kitabu, alirudishe neno lake mahali pote tulipolifuta, na ikiwa mtu atamwuliza ni nani aliyemruhusu, aonyeshe barua yangu yenye sahihi ile ile. Alinijibu kwa mistari miwili tu. Alisema mzee bado yu hai, macho yamepungua nguvu, na kila asubuhi mjukuu wake humsomea miswada ile kwa sauti, naye humsahihisha.